Mwalimu wa Kasulu na uthibitisho wa sauti ya mbali

Ukungu bado umelala juu ya migomba ya Kasulu, na Ghati Nyamhanga tayari ana chaki vidoleni. Anaandika mstari mrefu wa alama ubaoni, anarudi nyuma, anauangalia kichwa kikiwa upande, kisha anaufuta kwa kiganja.

"Bado," anasema taratibu. "Unaonekana kweli, lakini haujathibitika."

Khatibu, mkufunzi mwenzake, anachungulia mlangoni. "Mwalimu Ghati! Leo umemkamata yule mwizi wako asiyeonekana?"

"Nimemfungia mlango mmoja."

"Basi ataingilia dirishani!"

Wanacheka. Ghati, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, ni mzaliwa wa Tarime na anafundisha kompyuta katika chuo kimoja cha ualimu mjini hapa. Kabla ya vipindi hushughulikia utafiti wa shahada yake ya uzamivu. Anatumia mantiki, yaani kanuni za kufikiri zilizoandikwa kwa alama, kuthibitisha kwamba kompyuta mbili zilizo mbali moja na nyingine zinaweza kutambuana, hata kama kuna mtu katikati anayesikiliza kila neno na kutaka kujifanya mojawapo.

Si kazi nyepesi akiwa huku. Umeme hukatika bila taarifa, ndiyo maana huanza kwa chaki. Sehemu kubwa ya posho yake huishia kwenye vocha za intaneti. Msimamizi wake yuko Dar es Salaam, na barua pepe moja husubiri miezi mitatu kabla ya kujibiwa.

"Ninachotamani ni mtu wa kukaa naye, anisomee, aniambie nimekosea wapi," anasema.

Mtu huyo hakumpata kati ya wakufunzi wenzake. Aliyekuja ni Recho, mpishi wa chuo, mwanzoni mwa mwaka huu wa 2014.

"Mwalimu," Recho alimuuliza siku hiyo akijifuta mikono kwa kanga, "hizo hesabu zako zinaweza kumjua mtu?"

Recho ni mwenyeji wa Kitanga. Kaka yake wa pekee, Crispin, aliondoka nyumbani akiwa kijana mdogo kwenda kulima tumbaku Urambo, na hakurudi. Kwa miaka mitatu Recho amekuwa akimtafuta kupitia kipindi cha redio. Kila alipopewa nafasi alisimulia alichokumbuka: kovu la jembe kwenye nyusi, jina la mbuzi wao, kijito walikochota maji, wimbo wa mama.

Kisha mtu akampigia simu kutoka Kibondo. Alisema yeye ndiye Crispin, anapakia mihogo kwenye malori, na anataka kurudi kwenye shamba la baba. Alilitaja kovu. Alimtaja mbuzi. Aliuimba na wimbo.

"Nililia kwa furaha," anasema Recho. "Musaza wanje! Kaka yangu! Nikamkimbilia mwalimu nimwambie. Yeye akanimwagia maji baridi."

Ghati anainamisha macho. Anakumbuka alichomjibu: "Recho, huyo hajathibitisha kwamba ni kaka yako. Amethibitisha kwamba ana redio."

Recho alikasirika. "Unataka nimkane ndugu yangu kwa sababu ya chaki?" Kwa siku kadhaa alimpakulia Ghati ugali bila kumsalimu.

Lakini neno lile lilimkaa. Akimkaribisha mgeni, shamba la baba litakwenda kwa mgeni. Akimfukuza Crispin, atakuwa amempoteza mara ya pili. Alirudi akaomba msaada, na Ghati akamwambia atafute jambo moja ambalo hakuwahi kulisema hewani. Recho aliwaza akimenya viazi, akawaza akichochea maharage. Hakulipata. Kwa hamu ya kumpata kaka yake, alikuwa amesimulia redioni kila alichokuwa nacho.

Simu ya pili ndiyo iliyogeuza mambo. Kabla Recho hajafungua kinywa, yule mtu alisema: "Hadithi yako kila mwenye redio anaijua. Nami nitajuaje kwamba wewe ni Recho?" Akamuuliza swali moja, juu ya jambo dogo walilofanya wawili wao wakiwa watoto.

"Nilikuwa nimelisahau kabisa," anasema Recho. "Yeye ndiye aliyenikumbusha. Hapo nikajua ni yeye. Nikataka kumjibu, kilio kikaniziba koo. Nikasikia anasema, 'Basi, hujui.' Akakata."

Tangu siku hiyo namba ile haipatikani. Recho alikwenda Kibondo siku ya gulio, akaambiwa wapakiaji wameondoka na lori kuelekea Kakonko. Akaamua aende redioni akalitangaze jibu.

Ghati alimzuia. "Ukilisema hewani, kesho watakupigia akina Crispin kumi, wote wanalijua. Mwambie tu kwamba unalo."

Jumamosi iliyopita Recho alishika kipaza sauti, na kwa mara ya kwanza hakusimulia chochote. "Crispin, jibu ninalo. Lilikuwa limekwama kooni. Piga, uulize tena."

Ubaoni pia kuna lililobadilika. Ghati anakiri kwamba alikuwa ameandika uthibitisho wa upande mmoja tu, wa anayepigiwa. "Sikuwahi kujiuliza kama anayepiga naye ana hofu," anasema. Sasa anaandika nusu ya pili, na anatarajia kuimaliza kabla ya likizo ya Juni. Akiimaliza, amepanga kuviomba vituo vya redio viwashauri wanaotafuta ndugu zao wabakize jambo moja moyoni.

Swali la Crispin halitaandikwa hapa. Recho hakulitaja, na alipoulizwa jibu lake alitabasamu, akarudi jikoni kutazama simu iliyowekwa dirishani, mahali mtandao unapokamata.

Hata Ghati halijui.

"Natamani sana kulijua," anasema akimtazama mpishi yule kwa mbali. "Lakini nikilijua, tutakuwa watatu."