Nilivyokata ulezi mbichi kwa mama kule Msanzi ili lab wasiutupe

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa, na chumvi nimeiacha jikoni.

Mimi ni mtu wa lab, kazi yangu kuhamisha jeni. Project yetu ilikuwa kuupa ulezi kinga dhidi ya ukungu unaokausha masuke. Ulezi wa kutoka nje ulipokea jeni bila shida. Wa kwetu Ufipa ukagoma. Tulianza na mbegu kavu, zikawa zinaoza tu kwenye chupa, chipukizi hakuna.

Supervisor akasema nikishindwa msimu ule, aina ya kwetu inatolewa kwenye project. Iliniuma sana. Uji wa ulezi ule ndio ulionilea.

Mimi nilishajua kosa liko wapi. Tuanze na kiini cha punje changa, ikiwa bado ina maziwa. Kwa hilo sikuwa na wasiwasi hata kidogo.

Nikapanda basi na cool box langu hadi Sumbawanga, kisha kijijini Msanzi kwa mama.

Sasa wakuu, wa huko mnanielewa. Ulezi mbichi haukatwi. Anayekata ni mwizi, au nyumba ina njaa.

Mama alinisikiliza, akachukua kisu. Tukaingia shambani mchana kweupe, barabara nzima inatuona.

Jioni majirani wa jumuiya ya kanisa wakaja na unga na maharage. Mama Pelagia, kiongozi wao, alimpa mama pole kwa sauti ya chini. Nikaanza kueleza habari za jeni, mama akanikata.

"Pokea, mwanangu. Ukirudisha unga wa watu umewatukana."

Nikapokea. Aibu niliyosikia siku ile sijawahi kuisikia tena.

Lab nilifanya kazi kwa hasira. Chipukizi zikatoka, vipimo vikaonyesha jeni imeingia. Supervisor akaiacha aina ya kwetu kwenye project. (Miche bado iko ndani ya greenhouse, haijatoka nje. Wale wa "mnatulisha sumu" tulieni kwanza.)

Nikampigia mama. Naanza maelezo, akaniuliza, "Ulezi umekubali?"

Nikamwambia umekubali.

"Basi njoo Jumapili uwaambie jumuiya kwamba sikuwa na njaa."

Nilikwenda.

Nilichojifunza: mmea ukikugomea, badili pa kuanzia kabla hujauita mkaidi. Na anayekupa shamba lake ulikate, amekupa na jina lake.

Wenye ubishi na jeni, na mliowahi kuaibisha wazazi kwa jambo jema, uwanja ni wenu.