Elkana Alipochukua Turbo

Habari hii hakuna atakayeiamini, na mimi sitapoteza jasho kumshawishi mtu. Nimeshazoea. Watu wa Toronto hii wakiniona nafungua mdomo huanza kutafuta funguo za magari yao. Lakini hii ni kweli tupu, na mwenyewe yuko hai. Anakaa Pickering, anatengeneza lifti za yale maghorofa ya Flemingdon Park, na siku lifti ikikukwamia humo ndani, yeye ndiye atakayekutoa ukiwa umeshatubu dhambi zako zote. Jina lake Elkana.

Elkana ni mtu wa kiasi katika kila jambo. Hanywi, hapigi kelele, kanisani hukaa safu ya nyuma. Lakini kila mtu wa kiasi ana tundu moja linalovuja, na tundu lake lilikuwa gari. Kwao, karibu na Soy, alikuwa mtoto wa kula vumbi la magari ya wengine. Alitembea kando ya barabara kwenda shule, wakubwa wakapita, naye akafika darasani na nyusi nyekundu. Basi alipopata mshahara wa kwanza wa maana huku Kanada, hakununua gari la kwendea kazini. Alinunua gari la kulipiza kisasi.

Lilikuwa gari la misuli, ndivyo wenyewe wanavyoliita. La Kimarekani, jeusi, milango miwili, boneti ndefu kama meza ya harusi, silinda nane zinazokunywa petroli kama ndama aliyerudishwa kwa mama yake. Akiliwasha asubuhi chini ya jengo, akina mama wa ghorofa ya tisa walifunga madirisha. Watu wakaliita Ngurumo. Mimi, ambaye nimewahi kuendesha lori la mahindi kutoka Kitale mpaka Juba bila breki za mbele, nililipanda mara moja nikatoka nikimshukuru Mungu kwa miguu yangu.

Miaka kumi Elkana alilipenda Ngurumo, na miaka kumi Ngurumo lilimzeekea. Chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji ilianza kulila kwa chini, kimyakimya, kama mchwa. Mlango wa abiria ukawa haufunguki mpaka uusemeshe. Magurudumu ya nyuma ndiyo yaliyosukuma gari, kwa hiyo theluji ikianguka, Ngurumo lilinguruma, likazunguka, likabaki palepale. Kisha akaoa Jemimah, muuguzi, mwanamke asiyepoteza maneno. Kisha akazaliwa Cherono, na kumfunga mtoto katika kile kiti cha nyuma kulihitaji mtu asiye na mifupa. Cherono alipofika darasa la tatu alimwomba baba yake amshushe kona moja kabla ya shule. Elkana akamuuliza kwa Kiswahili sababu ni nini. Mtoto akamjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yao, kwamba wanasikika kabla hawajafika.

Kilichomaliza ubishi ni Jumapili moja ya Februari, mwaka wa elfu mbili na kumi na nne. Ngurumo likakwama katika kimwinuko cha maegesho ya kanisa. Kimwinuko chenyewe mbuzi asingekiona. Waumini wakatoka kusukuma. Mchungaji naye akatoka na viatu vyake vya ngozi, akaegemea buti ya gari, likachomoka ghafla, na mtumishi wa Mungu akalala kifudifudi kwenye tope la theluji na suti yake ya Pasaka.

Walipofika nyumbani Jemimah akavua glavu, kidole kimoja kimoja.

"Baba Cherono. Chagua. Hiyo gari ama sisi."

"Mama Cherono, hebu kwanza tu..."

"Na usifikirie sana. Nitaona."

Basi akaenda Scarborough, kwa muuzaji mmoja mwenye koti jembamba na tabasamu la bei ya jumla. Kijana yule akalizunguka Ngurumo na tochi, akainama, akachokoa kwa kalamu sehemu ya chini, na kalamu ikaingia ndani. Akaitoa taratibu, akaitazama, akamtazama Elkana kwa huruma, kama daktari anayetaka kwanza kuuliza ndugu wengine wako wapi. Akasema watalipokea, ili kumsaidia tu. Miaka kumi ya mapenzi, ikawa msaada!

Alichotoka nacho kilikuwa kigari cha kijivu, kifupi, cha miaka mitatu tu, kilichowahi kumilikiwa na mzungu mmoja mstaafu. Injini yake ndogo kama ya kusagia nyama, ila ilikuwa na turbo, na nyuma pameandikwa hivyo hivyo kwa herufi za fedha: TURBO. Muuzaji aliapa kwamba kitakimbia kuliko lile zee, na kweli kilikimbia. Hilo ndilo lililomkera Elkana zaidi. Kilimpeleka kazini kwa kasi bila kusema neno, mikono ikiwa imekunjwa kama mhasibu. Akivuka mstari kidogo, kinalia pii. Akichelewa kufunga mkanda, pii. Akirudi nyuma, pii pii pii. "Nimeoa mara ya pili," aliniambia, "na wa pili ni karani." Kwenye taa za barabarani vijana waliokuwa wakimpungia mkono zamani sasa waliangalia simu zao.

Na akiwa katika hasira hiyo ya kimyakimya ndipo, Jumamosi moja mchana, alipompigia mama yake simu. Walizungumza lugha ya nyumbani, mimi nawawekea kwa Kiswahili.

"Mama, ile gari nimeiacha."

"Ile kubwa? Ile ya kelele?"

"Hiyo hiyo. Nimeitoa, nimechukua Turbo."

"Elkana. Turbo?"

"Turbo, Mama."

"Mungu wa mbinguni! Sema tena."

"Nimechukua Turbo."

Elkana alishangaa kidogo kwamba mama yake anaijua turbo. Lakini moyo ukamlegea. Angalau duniani alikuwepo mtu mmoja wa kukifurahia kile kigari.

"Ni kubwa?" mama akauliza.

"Ni ndogo, Mama. Lakini ina nguvu, huwezi kuamini."

"Ndogo yenye nguvu inatosha. Kubwa ya kazi gani? Na iko mbali na barabara?"

"Mbali? Si iko barabarani kila siku!"

"Barabarani kabisa! Na zamani ilikuwa ya nani?"

"Ya mzungu mmoja mzee. Aliitunza sana, hakuichosha."

"Hao walijua kutunza. Na karatasi zimetoka kwa jina lako?"

"Langu na la Jemimah."

"Vizuri. Mke lazima aandikwe. Na mawe? Haina mawe?"

"Mawe gani, Mama?"

Simu ikakatika. Elkana akadhani mama ana wasiwasi wa mawe yanayorushwa na malori kwenye barabara kuu ya 401. Akatabasamu, akaenda kuosha gari.

Sasa, kwa asiyejua kwetu: ukitoka Eldoret ukaifuata barabara ya Uganda, unafika mji mdogo unaoitwa Turbo. Ardhi ya huko ukichomeka fimbo inatoa majani. Na mama yake Elkana, tangu mzee alipofariki na shamba kugawanywa kwa wana, alikuwa akiishi kwenye kona ya kipande cha Cliff, mdogo wake Elkana. Hakunyanyaswa, la. Lakini Cliff alijenga banda la kuku palipokuwa na mboga zake, kisha akaegesha lori palipokuwa na viazi vyake, na kila mara alisema, "Mama, samahani," na kila mara mama alisema, "Hakuna neno." Mwanamke aliyelima maisha yake yote akabaki na mstari mmoja wa sukuma wiki kando ya choo.

Na kuna jambo jingine. Miaka ya nyuma alipokuwa akimlaumu Elkana kwa pesa zinazoishia kwenye tangi la Ngurumo, Elkana alizoea kumjibu: "Siku nitakayoachana na hii gari, Mama, nitakununulia shamba." Aliyasema kama mtu anavyosema siku kuku atakapoota meno. Alicheka, akasahau. Mama hakusahau.

Wiki mbili baadaye Cliff akampigia. Elkana alikuwa juu kabisa ya jengo, katika chumba cha mashine ya lifti, mikono imejaa grisi.

"Bro, hiyo shamba ya Turbo iko upande gani? Ya juu ama ya huku kwa mto?"

"Shamba gani?"

"Si useme tu tujue! Mama ametoka na boda tangu asubuhi, na hii ni mara ya pili. Anazunguka akiuliza shamba ya Elkana wa Kanada, ilikuwa ya mzungu, iko kando ya lami. Juzi walimpeleka kwa shule ya msingi, akasimama akaanza kuipima kwa hatua. Mwalimu mkuu akatoka."

Elkana akakaa juu ya sanduku la vifaa. "Cliff. Turbo ni gari."

"Ati?"

"Ni injini. Gari ina turbo."

"Mimi najua turbo ni nini, lori yangu iko nayo! Kwani wewe ulimwambia Mama nini?"

"Nilimwambia nimechukua Turbo."

Cliff akapumua kwa muda mrefu. "Elkana, huyu mama ameshaambia kanisa. Kesho kutwa kuna ibada ya shukrani. Ameanza kuaga kuku zangu."

"Basi mwambie."

"Nimwambie mimi, halafu nikae naye hapa? Mwambie wewe. Fimbo haifiki huko."

Jioni hiyo Elkana alimweleza Jemimah, na Jemimah akacheka mpaka akashika kaunta ya jikoni. Halafu akanyamaza kidogokidogo.

"Lakini Baba Cherono, si ulimwahidi?"

"Ilikuwa mzaha."

"Yeye alijua ni mzaha?"

Elkana akatoka nje. Akasimama nyuma ya kile kigari, akayatazama yale maandishi ya fedha, akachukua bisibisi akajaribu kuyang'oa. Aling'oa R, rangi ikatoka nayo, akaacha. Alikasirikia kila kitu: kigari, muuzaji na kalamu yake, mchungaji kwa kutoka na viatu vya ngozi, watu wa Turbo kwa kuuita mji wao hivyo. Kwa yule mama, hasira haikupata pa kukaa. Kila ilipofika ilikuta mwanamke mzee kwenye boda, kitambaa kichwani, akiuliza njia.

Kesho yake alikuja kwangu kutafuta ushauri, jambo linaloonyesha hali ilikuwa mbaya kiasi gani. Nikamwambia, "Mwambie mto umefurika, umelichukua shamba lote."

"Anko, huko hakujafurika."

"Basi mwambie yule mzungu amelirudia."

Hakucheka. Akaniomba kiti, akaketi karibu na dirisha, akatoa simu. Ilikuwa Jumamosi saa tano hivi za asubuhi. Kule kwao giza lilikuwa limeshaingia, na siku ya pili yake ndiyo ile ibada. Aliishika simu kama mtu anayeshika waya ambao hajui kama una umeme.

Mama aliipokea mlio wa kwanza. "Elkana! Umebarikiwa. Subiri nikuweke kwa spika, akina mama wa kikundi wako hapa."

"Mama, usiniweke..."

"Salimieni mwanangu!" Na sauti zikamsalimu, za furaha, sufuria zikigongana nyuma.

"Mama, toa spika kwanza."

"Ya nini? Hawa ni wenzangu. Sema ni upande gani, nimezunguka mpaka magoti yanauma."

Elkana akafumba macho. "Mama, hakuna shamba. Turbo ni gari. Niliiacha ile ya zamani nikachukua nyingine, ndogo, ina injini inaitwa turbo. Nilikuwa nakuambia habari ya gari."

Nilimwona Elkana akingoja. Mimi niliyechanganya watu maisha yangu yote nilijikuta nimeinamia sakafu.

"Gari," mama akasema.

"Gari, Mama. Nisamehe."

"Ile ya barabarani."

"Ndiyo."

"Nimeshaotesha miche ya kuzungushia ua, Elkana. Iko hapa kwenye makopo."

Basi hapo, ndugu zangu, msichoweza kuamini ndipo kilipotokea, maana wale akina mama mia mbili waliojaa uani mpaka kwenye lango wakaangua kicheko cha pamoja, kicheko kilichotetemesha mabati na kuamsha ng'ombe wa majirani, na mama mwenyewe akacheka mpaka akainuliwa na wanaume sita, akasema Elkana ni mtoto wa ajabu, akaanza kuimba huku...

Elkana, aliyekuwa akisoma nyuma ya bega langu nilipokuwa nikiandika haya, akaweka kidole juu ya karatasi.

"Walikuwa wanne, Anko. Na hakuna aliyecheka."