Mdomo wa Juu Ulionipeleka Kampala

Sababu ya safari hii ni mdomo wangu wa juu. Ni mrefu, ni mzito, na nikicheka haupandi. Wenzangu wakicheka meno yanatoka kusalimia watu. Yangu yanabaki ndani. Na si kwamba ni mabaya! Ni meupe, yamepangana vizuri, nayapiga mswaki asubuhi na jioni, na sidhani kuna kitu kilichowahi kuyaona zaidi ya huo mswaki.

Hapa Bungoma hakuna aliyejali. Mimi ni mwoka mikate, na mkate hauangalii mtu usoni. Taabu ilianza nilipompenda Nansubuga, binti wa Kampala anayeuza viatu Nakawa. Tulikutana Malaba alipokuja kuchukua mzigo. Kwa Waganda, kabla wazee wako hawajaenda kujitambulisha, lazima kwanza senga akukubali. Senga ni shangazi, dada ya baba, na wa Nansubuga ndiye aliyemlea tangu akiwa mdogo. Nilimtembelea nyumbani kwake Kasubi, nikacheka siku nzima mpaka mashavu yakauma. Baadaye Nansubuga akanipigia simu, sauti ikiwa chini.

"Barasa, senga hataki. Anasema ulikaa umenuna."

Nimenuna! Mimi! Siku ambayo moyo ulikuwa unaruka kama chapati kwenye kikaango!

"Amekubali kukuona mara moja tu tena," akasema. "Akikataa tena, mimi siwezi kumvuka. Ndiye mama yangu."

Basi nikaomba ruhusa kazini, nikafunga mkoba. Nilikuwa nimeamua kwamba senga akiniona tena, ataona meno.

Malaba, mpakani, afisa wa Uganda aliniweka mbele ya kamera. "Usicheke," akasema. Nikamwambia, "Afande, hapa nacheka." Akaitazama picha kwenye kompyuta yake, akaitikia kwa kichwa. "Vizuri sana. Hivyo hivyo." Nilitoka pale nikiwa na muhuri na hasira.

Kutoka Tororo hadi Iganga nilikaa na mama mmoja mwenye tenga la vifaranga. Aliniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia sijafiwa, naenda kuposa. Akanipa pole hata hivyo. Pale Namawojjolo wachuuzi walilizunguka basi na mishikaki ya kuku na ndizi za kuchoma, wakiziinua hadi madirishani, na mmoja akanipigia kelele, "Ssebo, usikasirike, nunua moja utafurahi!" Nikanunua. Nilifurahi. Hakuna aliyejua.

Kampala ilinipokea kwa vumbi na honi. Nilifikia Kabalagala kwa binamu yangu Wafula, ambaye ana duka la vifaa vya simu kati ya baa mbili. Wafula ni mtu wa kusaidia, na huo ndio ugonjwa wake. Kabla sijavua viatu alikuwa ameshanikalisha mbele ya kioo.

"Cheka."

"Nacheka."

"Cheka vizuri, bwana!"

"Wafula, ndiyo hii!"

Akanishika mdomo kwa vidole viwili, akauvuta juu. Akasema kuna mazoezi: unabana kijiko kati ya mdomo na pua, unahesabu. Nilibana kijiko jioni yote huku wateja wake wakiingia kununua chaja na kuniuliza nimepatwa na nini. Asubuhi mdomo ulikuwa ule ule, ila sasa ulikuwa unauma.

Siku iliyofuata, hapo hapo Kabalagala, Wafula alinipeleka saluni ya urembo anayoifahamu. Mwenye saluni alikuwa mama mchangamfu mwenye kucha za dhahabu. Hakunichunguza hata kidogo.

"Mukwano, hii kitu ndogo sana," akasema. "Napiga sindano hapa na hapa, mdomo inaenda juu yenyewe. Wasichana wote ya hapa nafanyia."

"Walikuwa na mdomo kama wangu?"

"Walikuwa na ufizi mingi. Ni kitu moja tu."

Nilikuwa tayari nimelala kwenye kiti. Nawaambieni ukweli, nilikuwa tayari. Kilichoniokoa ni kwamba umeme ulipotea, na yeye akasema hawezi kupiga sindano gizani. Nikainuka, nikatoka kama mwizi.

Nakawa, karibu na soko, Nansubuga alikuwa ameshanitafutia daktari wa meno wa kweli. Alikuwa mwanamke wa kaskazini, mtoto wa mwanajeshi. Kiswahili chake alikipata akicheza kambini, na kilitoka kwa amri. "Kaa. Tulia mdomo. Sasa cheka. Sasa sema iiii." Alipima kwa rula ndogo, nikiwa nimetulia na nikiwa nacheka, akapiga picha kutoka upande. Nikamweleza habari ya sindano.

Akaweka rula chini. "Hiyo sindano inalegeza musuli yenye inainua mdomo. Ni ya mutu yenye ufizi yake inaonekana sana, mdomo ishuke kidogo. Wewe yako iko chini tayari. Ungepigwa, ungekuwa unakunywa chai na kidevu."

Nikaushika mdomo wangu kwa mikono miwili. Wafula, aliyenisindikiza, akaanza kusoma kwa makini sana bango la ukutani kuhusu dawa ya meno.

Daktari akanieleza njia zilizopo, moja baada ya nyingine, bila kunisukuma. Kuna upasuaji: wanakata kipande cha ngozi chini ya pua, mdomo unafupika, meno yanatokeza. Unafanywa na mpasuaji aliyesomea, si mtu wa saluni, na kovu linabaki chini ya pua. Ngozi nyeusi kama yangu wakati mwingine inaota kovu nene, hilo lazima ulifikirie. Kuna kujaza mdomo kwa sindano nyingine, ambayo huisha baada ya miezi, na ikiwekwa vibaya mdomo unazidi kuwa mzito. Na kuna kurefusha meno yenyewe, kwa vigamba vyembamba vinavyogundishwa juu yake au kwa ule udongo mweupe wa kuzibia meno, ili yachungulie kidogo chini ya mdomo. Lakini yakirefushwa sana yanavunjika, na unaanza kuongea kama una peremende mdomoni.

"Kijana, wewe huna ugonjwa," akasema. "Huna haraka."

"Daktari, nina haraka. Nina senga."

Akacheka, meno yote nje, nikamwonea wivu. Akasema anaweza kunibandikia jaribio: udongo ule ule, bila gundi ya kudumu, nijione kwenye kioo, nizunguke nao, kesho yake autoe. Akanibandikia kwenye meno manne ya mbele. Nikatazama kioo. Nikacheka. Jamani, niliona meno! Kijana wa kwenye kioo alikuwa kama ndugu yangu aliyefaulu maisha. Machozi yalinijaa, sioni haya kusema.

"Ila usile nayo kitu kigumu," daktari akasema. "Uji, supu. Kuuma, hapana."

Nansubuga alikuwa akitusubiri nje, na hatujafika kwenye geti simu yake ikaita. Senga. Alitaka nifike leo, chakula cha mchana, amepika.

Amepika! Siku zote hizo, na amepika leo!

Kasubi, nyumbani kwa senga, ua ulikuwa umefagiwa na mkeka umetandikwa. Nansubuga alipiga magoti kumsalimia, mimi nikainama, na nikacheka lile cheko langu jipya. Senga akanitazama sana. Akafungua majani ya migomba: matoke laini, mchuzi wa karanga, nikamshukuru Mungu kimya kimya. Halafu akafungua kifurushi cha mwisho. Kuku. Akachagua kwa vidole vyake mwenyewe, akaniwekea firigisi kwenye sahani.

Nyie wa nyumbani mnajua. Sisi Waluhya tunaiita imondo, na inaliwa na mwanamume mwenye heshima yake katika ile nyumba. Waganda ni vivyo hivyo. Kwa hiyo senga alikuwa ananijaribu, au alikuwa ananikaribisha, sikujua lipi. Nilijua tu kwamba mtu akiirudisha hana haja ya kurudi tena. Na firigisi, hata ichemshwe vipi, ni ngumu kama soli ya kiatu.

"Kijana, kura," akasema, maana "kula" kwake ilitoka hivyo. "Hiyo yako."

Nilimtazama Nansubuga. Macho yake yalikuwa yananiomba. Niliwaza kuimeza nzima, ila ningekufa nikiwa bado sijaoa. Nikaiuma.

Kak!

Nusu ya jino langu jipya ilibaki ndani ya firigisi. Nyingine ilianguka kwenye mchuzi wa karanga. Nikakaa nikishika firigisi yenye jino.

"Mungu wangu," senga akasema. "Nimemuvunja mutoto ya watu."

Ikabidi niseme yote: kijiko, saluni, rula, udongo. Nansubuga alitafsiri kwa Kiganda huku akijizuia kucheka, akashindwa, akaangukia mkeka. Senga hakucheka. Alisikiliza hadi mwisho, akaongea kwa muda mrefu na kwa upole, na Nansubuga alipotafsiri alikuwa amekaa wima.

"Anasema baba yangu alikuwa na cheko la kupendeza kuliko watu wote wa Kasubi. Kila mtu alimpenda. Halafu akaniacha hapa mlangoni, akaenda akicheka. Anasema wewe alikuogopa kwa sababu hakuweza kukusoma. Lakini yule alimsoma, na alimsoma vibaya. Kwa hiyo anataka umwambie mwenyewe kwa maneno. Ukikasirika, unafanya nini?"

Nikafikiri. "Nanyamaza," nikasema. "Nakanda unga mpaka hasira iishe."

"Ni kweli," Nansubuga akadakia. "Ananyamaza siku nzima, halafu analeta mkate mkubwa hata haumaliziki."

"Na leo umekasirika?" senga akaniuliza mwenyewe.

"Sana, senga. Tangu Malaba."

Hapo ndipo alipocheka, mpaka akashika ubavu. Akanisogezea sahani. "Maliza firigisi. Toa jino kwanza. Halafu rete wazee wako."

Kesho yake Nakawa, daktari alitoa mabaki akiuliza yalikwenda wapi mengine. Akaniuliza kama nataka ya kudumu. Nikamwambia nayataka, sitawadanganya. Ninampenda yule kijana wa kwenye kioo. Lakini nitarudi nikiwa na akili iliyotulia, si na senga nyuma yangu, na nitataka mafupi, ya kuchungulia tu. Na hili nililojifunza nawaachia wenzangu wenye mdomo kama huu: msiulize tu kama kitu kitafanya kazi, ulizeni kitausogeza mdomo upande gani. Na msilale kwenye kiti cha mtu ambaye hajawatazama.

Nilifika Bungoma na jua likiwa bado juu. Mama alikuwa anapepeta maharagwe uani. Mdomo huu ni wake, alinipa bila kuniuliza. Nikamwambia senga amekubali, wazee wajiandae.

Mama aliweka ungo chini, akanitazama, mdomo umefungwa vile vile, uso umetulia vile vile. Jirani aliyekuwa akipita nje akamwita, "Mama Barasa, kuna nini? Mbona umenuna?"

Nilitaka kumjibu yule jirani. Nikaacha. Nikakaa chini kando ya mama, nikachukua ungo, nikapepeta.