Brauza Iliyomleta Mjukuu

Ile kompyuta ya kona niliiwekea Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, kwa hasira. Wateja wa kafe yetu ya intaneti pale Dodoma mjini walikuwa wanakuja na disketi zimejaa virusi, kila mara naanza upya, kama mtu anayedeki huku watu wanapita na matope. Nikasema hapana, hii moja haiguswi na kirusi. Kweli haikuguswa. Na wateja pia hawakuigusa.

Siku hiyo Bunge lilikuwa limeanza, mashine nyingine zote zimekaliwa na wageni wa Bunge. Akaingia bibi mmoja wa Miyuji, mwalimu mstaafu, na mfuko wa zabibu za Hombolo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nionyeshe mjukuu wangu."

Binti yake alikuwa amejifungua ughaibuni. Alikuwa amempigia simu kwamba picha ya mtoto iko kwenye barua pepe, na jina linatakiwa leo leo, kesho wanatoka hospitali. Kwao, mtoto wa kwanza hupewa jina na bibi mzaa mama, na bibi hampi jina mtoto asiyemwona uso.

"Na kule yupo bibi mwingine," akaninong'oneza, "mama wa mkwe wangu. Jina lake analo tayari. Akiniwahi, nimekwisha!"

Nikamkalisha pale kona, nikafungua brauza, ile programu ya kuingilia mtandaoni. Ukurasa wa barua ukaja mweupe pe! Nikarudia, weupe ule ule. Nikaona aibu, mori ukanipanda.

Nilikuwa na sidii, yaani CD, yenye brauza nyingine. Ya kwanza kuijaribu ikagoma kuingia kwenye mashine mpaka nilete faili fulani. Nikalileta, nalo likadai faili lingine. Nikawaza ofisi zetu: muhuri wanataka barua, barua nayo wanataka muhuri. Nikaiacha nikisonya.

Iliyofuata ikaingia mara moja, na barua ikafunguka! Nikapiga makofi. Ila ilikuwa brauza ya maandishi matupu. Mahali pa mtoto paliandikwa neno "picha".

Bibi akavaa miwani, akaitazama skrini, akanitazama mimi.

"Mwanangu, nimetoka Miyuji kuja kumwona mtoto. Neno 'picha' nimelifundisha miaka yote."

Mgeni wa Bunge wa jirani akacheka. Nikamkata jicho.

"Kula zabibu kwanza," bibi akaniambia. "Una uso wa njaa."

Nikala, hasira ikashuka. Nikairudia ile iliyogoma, faili baada ya faili, nikilikosa moja nalitafuta tena kwenye sidii, mpaka ikachoka kudai. Nikabofya. Ikafunguka! Barua hii hapa, na chini yake picha ikaanza kushuka kutoka juu, taratibu, maana laini yote ya mji ilikuwa imeelemewa na Bunge.

Zikaja nywele. Likaja paji la uso, pana, limechomoza. Yakaja macho, yamefumbwa. Hapo picha ikasimama.

Wateja walikuwa wameshaacha kazi zao, wamejaa nyuma yetu. Bibi akaligusa lile paji kwenye kioo kwa kidole kimoja, machozi yakimtoka.

"Mama yangu huyu," akasema. "Jamani, mama yangu kabisa!"

Akanitajia jina la mama yake, nikaliandika herufi kwa herufi, naye anakagua kama daftari la mwanafunzi.

"Bibi, tusisubiri kwanza pua na mdomo?"

"Pua na mdomo mwachie yule bibi mwingine. Tuma!"

Nikatuma. Jibu lilirudi zabibu zikiwa hazijaisha: jina limeandikwa, na yule bibi mwingine anaomba afundishwe kulitamka.