Mshale Uliotulizwa kwa Gundi

Jumamosi, nyumbani Kendu Bay, nilifungua dashibodi ya gari la marehemu mke wangu. Mshale wa geji ya joto ulikuwa umekwama katikati, penye joto la kawaida, haukusogea hata wiki iliyopita radieta ilipochemka nikitoka Homa Bay. Nyuma ya kioo nilikuta mshale umebandikwa gundi.

Nilimwita fundi aliyekuwa akimtengenezea gari. Alichungulia, akacheka.

"Yawa, Mwalimu, hiyo niliweka mimi. Mama akiona mshale umepanda kidogo, anasimamisha gari, ananipigia simu. Kila siku! Nikamsaidia atulie."

"Na injini uliifanyia nini?"

"Injini ilikuwa inavumilia."

"Ulimwambia ni gundi?"

"Sasa ningemwambia, angetulia aje?"

Alikunjua viganja kama mtu aliyenyimwa shukrani. Ni ofisi ngapi hutuhudumia hivyo, zikimtengeneza anayelalamika na kukiacha kilichoharibika?

Niliikwangua gundi kwa wembe mbele yake. Lakini hasira yangu haikuishia kwake. Mke wangu aliwahi kuniambia kwamba gari bado linanuka kuungua, nami nikamwonyesha mshale.