Jogoo Alikuwa Ameshahama

Juzi, nikiwa kwenye kochi langu kama kawaida, Neema, binti wa kaka yangu, alinionyesha mchezo anaoutengeneza kwenye kompyuta. Paka alimkimbiza panya bila kumpata.

"Shangazi, hesabu ya pembe nimepiga sawa kabisa. Kila hatua paka anageukia alipo panya."

Nikakumbuka utoto wangu, na harufu ya mashudu ya alizeti uani kwa bibi, kijijini Mwankoko. Siku moja mgeni alikuwa ameshakaa, maji ya ugali yalichemka, na jogoo bado alikuwa huru. Nisingemkamata, sote tungekula ugali kwa mlenda. Kila nilipofika alipokuwa, alikuwa ameshahama. Niliamini anasikia mawazo yangu.

Bibi alicheka hadi kanga ikamdondoka. "Wewe mtoto, unakimbilia vumbi lake! Tazama kifua kimeelekea wapi, ukamsubiri huko."

Kifua kilielekea jikoni. Nikakata kona, nikajibwaga mlangoni, na jogoo akaja mwenyewe mikononi huku akipiga kelele. Mgeni alikula firigisi; mimi nilipewa shingo, nikaringa wiki nzima.

"Mwelekeze paka mbele ya panya, kule anakokimbilia," nikamwambia Neema.

Akabadilisha. Panya akanaswa.

"Shangazi! Umesomea wapi haya?"

"Kwa jogoo," nikajibu, bila kuinuka kochini.