Uso wa Sylvère

Mimi ni Idi, mchoraji wa mabango, mzaliwa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, na kuna maisha ya mtu mmoja niliyowahi kuyachora vibaya. Leo nataka kuyaandika kama yalivyokuwa, bila kuongeza chumvi, ingawa chumvi ndiyo iliyonipa jina mjini.

Sylvère alikuwa karani. Alikaa mtaa wa Musaga na mkewe Pascaline. Kila asubuhi alishuka mjini, akafungua droo yake ofisini, akatoa muhuri, akaupuliza, akaanza kugonga karatasi. Alifanya hivyo miaka kumi na minne na hakuwahi kuuliza karatasi zinasema nini. Gari likimpigia honi, aliliomba radhi. Pascaline alipenda kumtania kwamba siku ya harusi, padri alipomuuliza kama anakubali, aligeuka kwanza kumtazama baba mkwe. Kwa kifupi alikuwa mwoga, na mpole pia. Katika miaka ile ya vita woga haukuwa aibu. Wengi wetu ndio uliotuvusha.

Ila Mungu alimpa uso. Paji pana, nyusi zilizoinuka kama za mtu anayetaka kubishana, na masharubu mazito yaliyokatwa sawasawa. Alinyolewa Buyenzi kwa Khaled, kwa sababu kwetu kulikuwa na utulivu kidogo na mkono wa Khaled ni mwepesi.

Mwanzoni mwa mwaka 1996 Khaled alitaka bango jipya. Sasa, sisi wachoraji wa mabango ya vinyozi hatuzushi uso. Unamkalisha mteja, unamchora yeye. Ukitoa kichwa akilini mwako watu wanakijua, wanakicheka, na kinyozi anakosa wateja. Nikamwomba Sylvère akae.

"Mi? Apana, Idi. Mutu kama mi atawekwa ku bango?"

"We kaa tu, Muzee. Usicheke."

Alikaa Jumamosi mbili na hakucheka. Bango lilipokauka alimleta Pascaline kulitazama, wote wawili wamevaa nguo za kanisani. Chini, upande wa kulia, nilikuwa nimeandika jina langu kwa herufi nyekundu.

Kisha nchi jirani zikatufungia mipaka. Rangi ikaadimika na hakuna aliyeagiza bango tena. Nilibaki na kalamu, mikono isiyo na kazi, na ulimi unaoniwasha. Nikaanza kuchora katuni, nikaiita Mji wa Maneno Arobaini. Ni mwaka 2060, katika mji ulio kando ya ziwa, na serikali inagawa maneno kwa kuponi: kila nyumba arobaini kwa siku. Muuza vitunguu anakonyeza tu. Mke na mume wanaweka akiba mwezi mzima ili wagombane siku moja vizuri. Mawaziri wanaropoka kutwa, kwa sababu ghala ni lao. Alama ya kuuliza imepigwa marufuku. Ukikutwa nayo mfukoni ni miaka mitano. Na katika mji huo yupo mwandishi wa habari mmoja tu aliyekataa kunyamaza. Anaitwa Ndabaza, ambayo kwa Kirundi ni "ninauliza", naye anaiba maneno ghalani na kuwarushia watu juu ya nyua zao.

Kila toleo lilikuwa kurasa nne za fotokopi, bila jina la mchoraji. Zilizunguka kutoka Mutakura hadi Musaga zimekunjwa ndani ya vitenge. Watu wa mitaa isiyosalimiana tena walicheka kitu kimoja. Nilivimba kichwa, sikatai.

Ndabaza alihitaji uso, na mkono wangu haujui kuzusha. Ulikwenda wenyewe kwa Sylvère: lile paji, zile nyusi, yale masharubu. Nilijiambia ni utani mzuri, mwoga kuliko wote Bujumbura amekuwa shujaa. Ruhusa sikumwomba, maana nilijua jibu lake.

Kufika toleo la tano, vijana ndani ya basi walikuwa wakimwita Sylvère "Ndabaza". Mkubwa wake wa kazi alimwita ofisini, akaushika ukurasa karibu na uso wake, akatazama huku na huku, na hakucheka. Siku hiyo hiyo Sylvère alikuja kwangu.

"Idi, ni we unachora hii vitu?"

"Mi? Mi nachora vinyozi tu, Muzee."

Aliniamini, au alijifanya kuniamini.

Alhamisi moja baada ya toleo la saba, Khaled alinitumia habari. Wanaume wawili walisimama mbele ya bango lake na ukurasa wa katuni mkononi, wakalinganisha, wakasema watarudi. Nilichukua kopo langu la mwisho la rangi nyeupe na brashi, nikaenda mbio. Ilikuwa saa sita, jua kali. Bango lilikuwa limefungwa kwenye nguzo ya baraza, mbele ya mlango. Kwa mtu anayetoka juani, ndani kulikuwa giza tupu. Nilisikia tu wembe wa Khaled ukikwaruza shavu la mtu. Nikapanda kigoda. Nikafuta jina langu, herufi baada ya herufi. Halafu nikautazama uso.

Baadaye nilijiambia rangi ilikuwa kidogo. Uongo. Kopo lilibaki nusu. Ukweli ni kwamba ule ndio uso bora niliowahi kuchora, na niliuonea huruma. Niliuonea huruma ubao! Nikashuka, nikaenda zangu.

Walimchukua Sylvère Jumamosi. Kwa bango lile na ukurasa ule hawakuhitaji kuuliza watu wengi. Alikaa mikononi mwao wiki sita. Pascaline alizunguka mji na chakula, kila mlango wanamwambia hayupo hapa, na mimi nilikuwa namsindikiza. Nilimbebea sufuria. Nilitikisa kichwa pamoja na majirani na kusema Mungu ndiye ajuaye, na hasira zangu zote nilizimwagia serikali, kana kwamba ni serikali iliyopanda kigoda.

Alirudi amekonda, sikio la kushoto halisikii tena. Masharubu hayakuwepo, nilidhani ni wao waliomnyoa. Mimi hakuna aliyenitafuta. Katuni niliiacha hapo hapo, na Ndabaza yuko mpaka leo juu ya ukuta wa ghala, gunia la maneno mgongoni.

Nilimwomba Sylvère msamaha mara tatu katika miaka iliyofuata. Mara zote tatu nilikaa upande wake wa kushoto. Ndiyo, kwa makusudi. Aliitikia kwa kichwa, kwa ile adabu ya mtu asiyesikia, na mimi nikarudi nyumbani nikijiona Mwislamu mwema.

Mwaka 2004 tulikuwa wawili barazani kwa Khaled, asubuhi, tunasubiri zamu. Sijui nini kilinisukuma. Nilihamisha kigoda changu hadi upande wa kulia, nikasema yote: katuni, jina, kopo lililobaki nusu. Nilikuwa nalia na sikuona aibu.

Sylvère alinigeukia.

"Najua, Idi. Ile siku mi nilikuwa mu kiti."

"Kiti gani, Muzee?"

"Ya Khaled, si hii? Nilikuwa nimekuja kutoa mustashi, nisifanane na ile picha. Nikakuona mu kioo, umepanda ku kigoda na rangi yako. Roho ikatulia. Nikasema, mi natoa mustashi, Idi anatoa uso, kesho hakuna mutu atanijua."

Nilimuuliza kama wale waliomchukua walitaka jina la mchoraji.

"Kila siku. Nilisema sijui."

Alijipapasa juu ya mdomo, mahali ambapo hakufuga tena masharubu.

"Nilitoka mbio, sabuni bado ku shavu, nikuambie asante. We ulikuwa umeshaenda. Nikaangalia bango. Jina yako hakuna. Mi niko palepale."